Mbao za nje za mashua ya tanga zimekuwa kijivu na maji yanavuja: nizing'oe au nizipake?

"Habari za kazi, fundi. Nimenunua mashua ya tanga ya faiba, futi 28, iliyoundwa miaka ya 80. Iko boyani Msasani. Mikono ya kushikia juu ya kabini na ule ubao unaozunguka ukingo wa deki ni vya mtiki. Vimekuwa kijivu, vanishi ya zamani inabanduka, na kuzunguka skrubu kuna weusi. Masika iliyopita maji yalidondoka juu ya kitanda. Seremala mmoja wa Keko ameniambia tung'oe zote kwa mtaimbo, anichongee mpya za mninga na kuzipiga vanishi. Mwingine anasema nizibe pembeni kwa silikoni, juu nipake mafuta ya kitani, basi. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kuzitoa mwenyewe bila kuzivunja?"

Ndugu msomaji, wote wawili wamekosea, ila wa kwanza atakugharimu zaidi. Wewe unahofia mbao. Mimi nahofia matundu yaliyo chini yake. Maji yaliyofika kitandani hayakupenya kwenye mtiki. Yalifuata skrubu, na kabla hayajakudondokea yalishapita ndani ya deki. Kwa hiyo matundu kwanza, gundi ya kuziba maji pili, sura ya mbao mwisho. Ukigeuza mpangilio huo utapaka vanishi ya fedha nyingi juu ya deki inayooza.

Tuondoe kwanza hofu ya rangi. Mtiki huwa kijivu kwa sababu jua huvunja lignini, ile inayoshikanisha nyuzi za mbao, kisha mvua na chumvi huiosha. Uharibifu huo ni wa usoni tu, hauzidi unene wa milimita moja kwa kawaida, na chini yake kuna mbao nzima yenye mafuta yake. Weusi una vyanzo viwili. Madoa madogo yaliyotapakaa ni ukungu, hasa kama mwenye mashua wa zamani alikuwa anapaka mafuta. Duara jeusi kuzunguka skrubu ni jambo jingine: ni chuma, maji na tanini ya mbao vimekutana. Duara hilo linakuonyesha mahali maji yanapoingilia, basi lipige picha kabla hujalifuta.

Usidanganywe na kichwa cha skrubu kinachong'aa. Chuma kisichoshika kutu hujilinda kwa utando mwembamba sana unaohitaji oksijeni. Kikikaa kwenye maji yaliyotuama ndani ya tundu, pasipo hewa, huliwa kwenye shingo huku kichwa kikibaki kizuri. Na kuijaribu skrubu kwa sumaku hakukusaidii sana: daraja la 304 na la 316 mara nyingi zote hazivutwi, ilhali baharini tunataka 316.

Sasa kuzitoa. Ndiyo, unaweza mwenyewe, lakini kwanza ujue zimeshikwa na nini. Ingia kabini, fungua paneli za dari chini ya mikono ya kushikia na uangalie. Mikono mingi imefungwa kwa bolti zinazotokeza ndani zikiwa na washa na nati, mingine kwa skrubu zilizopigwa kutokea ndani kwenda juu. Anayeanza na mtaimbo kwa nje bila kutazama ndani hupasua mbao na kung'oa kipande cha faiba pamoja nayo.

Ubao wa ukingoni unataka tahadhari kubwa zaidi. Kwenye mashua nyingi za faiba, bolti zinazopita kwenye ubao huo ndizo hizo hizo zinazofunga deki kwenye ganda la chini. Ukizitoa zote kwa mpigo unalegeza kiungo kikuu cha chombo, tena kikiwa majini na nyaya za mlingoti zimekaza. Ukichungulia ndani ya makabati ya pembeni ukaona nati zimejipanga kwa nafasi sawa kando ya kiungo, hiyo ndiyo hali yako. Hapo mashua ipandishwe nchi kavu, ikae sawa kwenye stendi, utoe upande mmoja tu, na kila unapotoa ubao urudishe bolti za muda zenye washa pana, walau moja katika kila tatu. Kama ubao umeshikwa na skrubu tu, unaweza kufanya kazi ukiwa boyani, ingawa mimi bado ningesubiri nchi kavu: kipande cha mita tatu chenye upinde, kikiwa mkononi mwa mtu mmoja kwenye mawimbi ya alasiri, hakina mwisho mwema.

Skrubu za juu zimefichwa chini ya vizibo vya mbao vya mviringo, kwa kawaida vya milimita 10 au 12. Toboa katikati ya kizibo kwa keekee ya milimita 3 mpaka uguse chuma, kisha zungusha skrubu ndogo iingie ndani ya kitundu hicho. Ncha ikifika kwenye kichwa cha skrubu ya chini, kizibo kitaanza kupanda chenyewe. Kikigoma, kimegandishwa kwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya na kikaushi. Kivunje kwa patasi nyembamba ukianzia katikati, usiiguse kingo ya tundu, maana kingo ikimegeka kizibo kipya kitaonekana daima. Safisha mfereji wa skrubu kwa msumari uliochongwa. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote kwa upana. Kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue. Ikikataa, weka ncha ya solda ya mafundi redio juu ya kichwa kwa dakika moja au mbili. Gundi ya zamani italainika. Ikikataa tena, usishindane nayo. Toboa kichwa kwa keekee iliyo nene kidogo kuliko shina, kichwa kitoke, mbao ipande, kisha shina lililobaki ulishike kwa koleo na kulizungusha.

Skrubu zikishatoka, mbao itabaki imeshikwa na gundi, na hapa ndipo nyingi huvunjika. Tambua gundi uliyonayo. Ikiwa nyeusi na inabonyea kwa ukucha, huenda ni polisalfaidi, itakatika vizuri. Ikiwa nyeupe na ngumu, pengine ni poliyurethani ya kugandisha moja kwa moja, ambayo hung'ang'ania kuliko faiba yenyewe. Kata kwa waya mwembamba, wa gitaa au wa kufungia ndoana, uliofungwa vipande vya mti kila upande, ukiuvuta huku na huku chini ya ubao. Nyuma ya waya sukuma kabari nyembamba za mbao au plastiki, moja kila sentimita 15, zote zipande kidogo kidogo kwa pamoja. Ukiinua upande mmoja juu sana ubao utavunjika kwenye tundu la skrubu, ndipo penye udhaifu. Mashine ya hewa moto inasaidia, lakini weka kiganja kwenye faiba mara kwa mara: kama huwezi kukiacha hapo, umezidisha. Andika kila kipande kwa tepu ya karatasi: kulia au kushoto, namba, upande wa omo (mbele ya mashua). Vipande vinafanana mno vikishakuwa sakafuni.

Mbao imetoka, sasa tazama matundu. Deki za mashua za umri huo mara nyingi ni tabaka mbili za faiba zenye balsa (mbao nyepesi sana) au plaiwudi katikati. Balsa ikilowa haikauki yenyewe. Inageuka uji mweusi na tabaka mbili zinaachana. Gonga deki yote kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Penye uzima sauti ni kali na fupi. Penye maji ni butu. Weka alama kwa kalamu ya nta. Chokonoa kila tundu kwa waya uliopindwa: unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema, tope jeusi si habari njema.

Kwa mashua ya futi 28, ubao wa ukingoni wenye skrubu kila sentimita 15 hadi 20 utakupa matundu kati ya 80 na 110. Ndiyo, yote yanataka kazi. Panua kila tundu mpaka milimita 12, ukipita tabaka la juu na lile la kati, bila kutoboa tabaka la chini. Pinda msumari kwa pembe, ubane kwenye drili, uuzungushe ndani ili ule tabaka la kati sentimita moja kila upande. Acha pakauke. Hapa kwetu hiyo ni siku kadhaa za jua chini ya turubai lililoinuliwa ili upepo upite, siyo lililolala juu ya deki. Bandika tepu upande wa chini, jaza epoksi nyepesi kwanza inywewe na mbao, inyonye kwa bomba la sindano, kisha jaza ile iliyokorogwa na unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga.

Joto la Dar linakimbiza epoksi. Changanya gramu 50 hadi 100 kwa mara moja, uchague kikaushi cha polepole, upime kwa uwiano wa kiwandani. Wapo wanaoongeza kikaushi "ili ikaze haraka". Haikazi haraka, inabaki laini milele. Kikombe kilichojaa nacho huchemka na kutoa moshi kikiachwa juani. Baada ya siku moja au mbili toboa tundu jipya katikati ya epoksi, na upanue mdomo wake wa juu kidogo kwa keekee ya kichwa, ili gundi ipate mahali pa kukaa kuizunguka skrubu. Kuanzia hapo hata gundi ikishindwa siku moja, maji yatakutana na epoksi, hayatafika kwenye balsa.

Tukija kwenye mbao zenyewe, pendekezo la mninga nalielewa. Mninga ni mbao nzuri, hautanuki wala kusinyaa ovyo. Lakini mtiki wako wa zamani, ukiwa na unene wa kutosha, ni bora kuuhifadhi, kwa sababu tayari umeshika upinde wa mashua. Pima kina cha tundu la kizibo baada ya kukwangua: kikibaki milimita 5 una mbao ya kutosha; chini ya milimita 3 vizibo havitashika, chimba tundu zaidi kama unene unaruhusu, la sivyo kipande hicho kimemaliza maisha. Kikioza ncha tu, kata mshazari na uunge. Mshazari uwe mrefu mara 8 hadi 12 ya unene: ubao wa milimita 25 unataka kiungo cha sentimita 20 hadi 30. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza au Mtibwa, Morogoro, unafaa, ila chagua kiini. Ile sehemu nyeupe ya nje inaoza upesi hata kama muuzaji anaapa yote ni mtiki. Mvule ni mbadala unaoheshimika. Paini, hapana.

Vanishi ya zamani iondolewe kwa hewa moto na kikwangulio, mbao ikiwa mezani. Dawa za kubandua rangi zisikaribie deki, zinakula jelkoti, lile tabaka la nje la faiba. Usikubali kostiki soda wala mashine ya maji ya shinikizo. Vyote vinachimba nyuzi laini na kuacha mifereji, kisha utalazimika kuusaga ubao kupoteza milimita mbili usizokuwa nazo. Sugua kwa brashi laini ukikata nyuzi, usizifuate. Duara jeusi la chuma linatoka kwa asidi ya oksaliki, gramu 80 hadi 100 kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, ndoo ya plastiki, glavu na miwani. Pakaa, subiri dakika 15, suuza kwa maji mengi matamu. Ni sumu ikinywewa, na vumbi lake linachoma pua, kwa hiyo usipige msasa kabla hujasuuza vizuri. Msasa uanze namba 80 pale tu palipo pabaya, kisha 120, halafu 180. Kama utapaka vanishi, malizia na 220.

Sasa lile swali ambalo watu hugombana: mafuta, vanishi, au kuacha mtupu?

Mafuta ya kitani nayakataa kwa Dar es Salaam. Kwenye unyevu wetu yanakuwa chakula cha ukungu, na baada ya muda mfupi ubao unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa kijivu. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kurundikwa hushika moto yenyewe. Yatandaze nje au yaloweke. Kuna watakaokushauri sifa, yale mafuta ya papa, wakisema majahazi yote yanapakwa. Ni kweli, ila jahazi ni mbao tupu inayofanya kazi majini, na harufu yake hutaitaka juu ya kitanda chako.

Vanishi inapendeza kuliko zote, nayo inakudai kuliko zote. Iwe ya baharini yenye kinga ya mionzi. Sila na laka za samani ni za sebuleni: hazina kinga hiyo, zinakakamaa na kupasuka, na hapo maji yanaingia chini yake. Futa mbao kwa asetoni kwanza, maana mafuta ya mtiki yanakataa kushikwa, kisha usichelewe kupaka. Mkono wa kwanza wa vanishi punguza kwa thina nusu kwa nusu, wa pili robo, wa tatu kidogo tu, halafu mizito mingine mpaka ifike sita au minane, saa 24 kati ya mkono na mkono, ukipitisha msasa namba 320. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Anza umande ukishakauka, kama saa tatu asubuhi, kivulini, na uweke brashi chini kabla ya saa tisa alasiri; vanishi inayopigwa na umande ikiwa mbichi hufifia na kuwa ukungu mweupe. Baada ya hapo ni mikono miwili ya kuongezea kila miezi minne hadi sita. Ukichelewa ikapasuka, unaanza upya.

Kuacha mtupu ndilo chaguo langu kwa ubao wa ukingoni wa mashua inayokaa boyani Msasani mwaka mzima. Utakuwa wa fedha, hautateleza mguuni, na unachodai ni maji ya bahari na brashi laini mara moja kwa mwezi. Vanishi iweke kwenye mikono ya kushikia tu, nayo ishonewe mifuko ya turubai ya kuvalishwa ukishafunga mashua. Kama unapenda kupaka, paka zote. Mimi nakuambia gharama yake tu.

Kurudisha mbao ni kazi ya kutulia. Silikoni ya pembeni, ile aliyokushauri seremala wa pili, inazuia maji kutoka badala ya kuyazuia kuingia, na inaacha utando ambao baadaye hakuna gundi wala vanishi itakayoushika. Tumia polisalfaidi kwenye mtiki. Hesabu yake ni hii: mrija wa mililita 300 ukiminya uzi wa milimita 6 unakupa mita 10 na ushei. Ubao wa mita 8.5 kila upande, nyuzi mbili, ni mita 34, kwa hiyo nunua minne. Jaribisha mbao kavu kwanza. Bandika tepu ya karatasi kandokando, futa kwa asetoni, paka praima kama mtengenezaji anaidai, weka nyuzi mbili na duara kuzunguka kila tundu, kisha kaza mpaka gundi itokeze kote, basi. Ukikaza mpaka mwisho unaikamua yote. Iachwe milimita moja au mbili. Ikishakauka kaza mara ya mwisho, na kwenye bolti zungusha nati ya ndani tu, kichwa kishikiliwe kisigeuke kikakata gundi.

Mikono ya kushikia isifungwe kwa skrubu za kuuma faiba, hata kama ndivyo ilivyokuwa. Hapo mtu mzima ataning'inia usiku mashua ikiyumba. Bolti za M6 daraja la 316, na chini ya dari washa pana za milimita 30 juu ya kipande cha bamba la faiba.

Vizibo vipya vikatwe kutoka mtiki wa rangi ileile, nyuzi zielekee upande mmoja na ubao. Vigandishwe kwa vanishi, si kwa epoksi. Atakayevitoa miaka 15 ijayo atakushukuru. Acha vitokeze, kesho yake katia patasi juu juu kwanza uone nyuzi zinateremkia wapi, ndipo usawazishe.

Mwite mtu aje aone kwa macho katika hali hizi: sauti butu inaenea zaidi ya upana wa kiganja, deki inabonyea ukiikanyaga, au maji meusi yanachuruzika kwenye tundu hata baada ya wiki ya jua. Hapo inabidi tabaka la juu likatwe, na hiyo ni kazi ya fundi wa faiba anayejenga boti, si ya seremala wa samani. Vilevile kama weusi uko karibu na vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti, usifungue chochote pale mpaka mlingoti uwe umeegemezwa kwa kamba na anayejua nyaya amekagua. Kama bolti za ukingoni zimelika hata tatu mfululizo, kiungo cha deki kikaguliwe chote kabla mashua haijavuka tena kwenda Mbudya.

Mwisho, usisubiri masika ijayo ikujaribie. Gundi ikishakauka, mtu mmoja amwage maji matamu kwa mpira juu ya kila kipande kwa dakika kumi, akianzia chini kupanda, mwingine awe kabini na tochi, paneli za dari zikiwa bado wazi.